Pakiti mbili za siku 14: dawa zilizonitibu limfoma ya tumbo

Ninachopima hapa ni dawa, si hospitali. Hospitali niliyotibiwa hapa Nakuru sitaitaja, wala sitalitaja duka la dawa lililonipotezea miaka miwili. Naandika juu ya vidonge nilivyomeza mwaka 2024, awamu mbili, kila awamu siku 14, kwa sababu watu wananisimamisha njiani Bondeni kuniuliza nimeponaje saratani bila kupasuliwa na bila nywele kunyonyoka. Nikiwajibu "kwa antibayotiki" wananitazama kama mtu anayewaficha jina la mganga.

Mimi ni mpishi. Pilau na biriani za harusi, futari za oda, mahamri ya asubuhi. Tumbo lilipoanza kunisumbua kila mtu alikuwa na jibu lake tayari: ulsa. Mpishi anashinda kwenye moshi, anakula saa tisa alasiri kilichobaki kwenye ukoko, ulsa ataikwepa vipi? Nikaenda duka la dawa. Nikauziwa ile dawa nyeupe ya chupa, kisha omeprazoli, kidonge cha kupunguza asidi, kisha omeprazoli tena. Nilipata nafuu wiki mbili, maumivu yakarudi. Siku moja muuzaji alinitoboa kidole, akatazama kijikaratasi chake, akasema nina bakteria ya pailori, mdudu anayekaa tumboni, akanipa vidonge vya wiki moja. Nikameza. Hakuna aliyeniambia nirudi kupimwa, nami sikuuliza. Vifuko vitupu nikavitia kwenye mkebe wa biskuti ninamohifadhi risiti. Mkebe huo nitaurudia.

Desemba 2023 nilikuwa kwenye harusi Lanet, nakoroga sufuria ya kilo ishirini, macho yakaingia giza. Binti yangu akanidaka. Kumbe choo kilikuwa kimegeuka cheusi kama lami kwa majuma kadhaa, na mimi nikawa nasingizia maharagwe. Hospitali wakapima kiwango cha damu (himoglobini), ikawa 7.9, ndogo mno. Wakaniambia nipigwe kamera ya tumbo.

Kuhusu kamera nitasema machache, maana wengi huiogopa kuliko inavyostahili. Unalala bila kula wala kunywa. Asubuhi unapuliziwa ganzi kooni, unalalia ubavu wa kushoto, unang'ata kipete cha plastiki. Muuguzi alinishika bega muda wote, "Pumua kwa pua, mama, taratibu, taratibu." Unatokwa na mate na machozi, halafu imekwisha. Daktari hakuona uvimbe mkubwa. Aliona kidonda, wekundu, na kuta zilizonenepa mahali mahali. Akakata vinyama vidogo vingi kutoka sehemu tofauti, kwa sababu, alivyonieleza, ugonjwa aliokuwa akiushuku hukaa viraka viraka na kinyama kimoja kinaweza kuukosa.

Vinyama vikapelekwa Nairobi kutiwa rangi maalumu. Majibu yakachukua wiki tatu: limfoma ya tumbo, yaani saratani ya seli za kinga, aina inayoitwa MALT.

Nilisikia "saratani", masikio yakaziba. Daktari akanyamaza mpaka nikamtazama tena, ndipo akachukua karatasi akanichorea. Tumbo lenye afya, alisema, kwa kawaida halina kambi ya seli za kinga kwenye utando wake. Pailori akiingia, na wengi wetu humpata utotoni ndani ya nyumba zetu wenyewe, mwili unatuma seli za kinga kumpiga. Asipotoka, zinaendelea kuja, zinapiga kambi, na baada ya miaka mingi baadhi yake zinaanza kuzaliana bila mpango. Hiyo ndiyo limfoma yenyewe. Ila mwanzoni zinazaliana kwa sababu mdudu bado yupo anazichochea. Akaongeza kwamba karibu nusu ya watu duniani wamembeba mdudu huyu na ni wachache mno wanaopata limfoma, kwa hiyo jirani akipimwa akakutwa naye asianze kuandika wosia.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo daktari, mdudu ndiye kuni, na ugonjwa ndio moto?"

"Ndiyo, mama. Tunaanza kwa kuondoa kuni."

Nilitaka kujua nani alithubutu kwanza kutibu saratani kwa vidonge vya antibayotiki. Akanisimulia. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliogundua mdudu huyu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na watu hawakuwaamini, hata mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe cha bakteria hao kwa makusudi ili augue yeye mwenyewe na kuthibitisha. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Mwaka 1993, London, Andrew Wotherspoon, Peter Isaacson na wenzao wakatangaza kwamba waliwatibu pailori wagonjwa sita wenye limfoma kama yangu, na kwa watano ugonjwa ukatoweka. Tangu hapo ndiyo njia ya kwanza duniani kote. Kati ya wagonjwa ambao ugonjwa haujatoka nje ya tumbo, karibu watatu katika kila wanne, au zaidi kidogo, hupona kabisa kwa kumwondoa mdudu tu.

Na yule wa nne? Hilo nililiuliza kabla sijasimama kwenye kiti, na ninamshukuru kwamba hakunizungusha. Huyo hupelekwa kwenye mionzi, kipimo kidogo cha grei 24 mpaka 30 kinachogawanywa kwa wiki tatu au nne, na kwa ugonjwa uliobaki tumboni mionzi hufaulu kwa walio wengi sana. Ukiwa umesambaa kuna dripu ya rituksimabu, dawa inayowinda seli za limfoma, peke yake au pamoja na kemo. Kukata tumbo, ambako zamani ndiko kulikuwa tiba, siku hizi huachiwa dharura ya kutoka damu isiyozuilika au tumbo kutoboka. Kuna wengine seli zao zina hitilafu, vipande vya kromosomu ya 11 na ya 18 vimebadilishana mahali, na hao mara nyingi limfoma yao haisikii vidonge. Hata hivyo nao huanziwa kwenye vidonge, kwa sababu mdudu lazima atoke. Ila kama seli zimekwisha kugeuka kuwa zile kubwa za kasi, huo ni ugonjwa mwingine na kemo haisubiri. Mimi nilipigwa picha ya CT, ile eksirei ya kompyuta, nikapimwa damu, virusi vya ini na vya UKIMWI. Ugonjwa ulikuwa tumboni tu, seli ndogo ndogo, za mwendo wa pole.

Pakiti ya kwanza niliianza wiki ya kwanza ya Ramadhani, Machi 2024. Shilingi 3,400. Ndani mna kadi, kila siku kadi yake, upande umechorwa jua na upande umechorwa mwezi: amoksilini mbili, klarithromaisini moja, na kidonge kimoja cha kupunguza asidi, asubuhi, halafu vivyo hivyo usiku. Kwa mpangilio ninaipa alama zote. Huhitaji kukumbuka kitu, unapasua upande wa jua, unameza, basi. Kabla ya kunipa waliniuliza kama penisilini hunidhuru, maana amoksilini ni ya jamii hiyo. Hilo usiliache kulisema hata usipoulizwa.

Sikufunga mwaka ule. Mgonjwa ana ruhusa, na nimelipa siku zangu baadaye. Lakini oda za futari zilikuwepo, na hapa ndipo pakiti ya kwanza iliponiumiza. Siku ya tatu mdomo wangu ukawa shaba. Si uchungu, shaba yenyewe, kama nimelamba sufuria iliyotoka kusuguliwa. Ni ile klarithromaisini. Ukinywa maji, shaba. Ukitafuna tangawizi, shaba yenye tangawizi. Nikaonja mchuzi wa samaki wa nazi, nikaona hauna chumvi, nikatia; nikaonja, bado; mkono ukarudi kwenye kopo la chumvi, msaidizi wangu akaushika. "Mama, umeshatia mara mbili." Yule mtoto alikuwa amefunga. Akachovya kijiko, akagusisha ncha ya ulimi, akatema, akasuuza kinywa, kama wapishi wafanyavyo Ramadhani. "Imekolea." Kwa siku kumi na moja zilizobaki yeye ndiye alikuwa ulimi wangu. Miaka ishirini na zaidi sijawahi kumwachia mtu chumvi yangu. Kidonge hata kimoja sikukiruka.

Nilipomaliza nikajiona nimepona. Kiungulia kimekwisha, usingizi umerudi, mdomo wangu umerudi. Ningekuwa bado mteja wa lile duka la dawa, habari ingeishia hapo. Daktari alikuwa ameandika tarehe kwenye kadi: choo kipimwe si chini ya wiki nne baada ya antibayotiki kwisha, na wiki mbili kabla ya kipimo niache dawa ya asidi, kwa maana dawa hiyo humzubaisha mdudu akafichika na kipimo kikaja safi cha uongo. Tena kisiwe kipimo cha damu. Damu huhifadhi alama za vita hata adui akiwa ameshaondoka, unaweza kutibiwa ukapona ikaendelea kusema unaye. Choo au pumzi ndivyo vinavyosema aliyepo leo.

Mei, majibu: bado yupo.

Nililia kwenye choo cha hospitali, nikafungulia bomba ili binti yangu asisikie. Daktari hakunilaumu. Aliniuliza swali aliloniuliza pia mwanzoni: "Umewahi kupewa klarithromaisini kabla ya hii?" Mwanzoni nilijibu hapana, kwa sababu lile jina sikulijua. Safari hii nikaenda nyumbani nikamwaga mkebe wa biskuti kitandani. Chini ya risiti za mchele kulikuwa na kifuko kitupu cha zile dawa za wiki moja. Binti yangu akasoma nyuma yake herufi kwa herufi. Klarithromaisini. Mdudu wangu alikuwa ameshakutana nayo kwa siku saba, hakufa, na pengine aliyebaki alikuwa ameizoea.

Nimekaa na hasira ile muda mrefu. Si kwa sababu walinipa dawa, bali walinipa kipande cha dawa na hawakuniambia rudi. Ukiwa na vifuko vya zamani nyumbani, hata kama ni vya miaka mitano, vibebe uende navyo kwa daktari. Hilo kwangu lingeokoa miezi miwili, na ile Ramadhani ya shaba.

Awamu ya pili haina kadi wala mchoro wa jua. Ni makopo na vifuko vinne tofauti: bismathi, tetrasaiklini, metronidazoli na dawa ya asidi. Tatu za kwanza mara nne kwa siku, ya asidi mara mbili. Bismathi niliitafuta maduka manne mjini, kutoka Kenyatta Avenue mpaka karibu na Top Market, nikaipata kwa kuagiziwa, nikalipa jumla shilingi 5,900 za kila kitu. Kwa urahisi wa kutumia siwezi kuipa zaidi ya nyota mbili. Niliandika ratiba kwa mkaa ukutani mwa jiko: saa kumi na mbili, saa sita, saa kumi na mbili, saa nne usiku. Na hapo ikaja habari ya maziwa. Tetrasaiklini ikikutana na maziwa hunaswa, haiingii mwilini, kwa hiyo chai ya maziwa inakaa mbali nayo saa mbili kabla na saa mbili baada. Ukipiga hesabu ya dozi nne, chai ya maziwa imebakiwa na tundu la sindano. Nikanywa turungi wiki mbili. Kichefuchefu kilikuja siku ya nne kikakaa. Nilikula uji mwembamba na viazi vya kuchemsha, na oda za harusi mbili nikampa jirani.

Siku ya pili tu choo kikawa cheusi. Mtu aliyeanguka Lanet kwa choo cheusi, umwambie nini? Nikapiga simu kliniki usiku, sauti inatetemeka. Muuguzi akaniuliza kama kinanata na kunuka vibaya kama kile cha mwanzo, na kama nasikia kizunguzungu. La. "Hiyo ni bismathi, mama. Hata ulimi ukiwa mweusi usishtuke." Nikaenda kwenye kioo nikatoa ulimi, mweusi kama wa aliyekula zambarau. Lau wangeniambia siku ya kwanza ningelala usiku ule.

Pamoja na hayo yote, hii ndiyo iliyofanya kazi. Julai 2024 choo kikapimwa: hayupo. Mume wangu na binti yangu nao wakapimwa. Mzee akakutwa naye, akatibiwa, na akaonja shaba yake mwenyewe.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Mdudu kutoka si limfoma kutoka. Septemba nikapigwa kamera ya pili. Kidonda kimefunga, kuta zimetulia, nikaiona mwenyewe kwenye skrini yao, nyekundu ya waridi. Wiki mbili baadaye majibu ya vinyama: seli za limfoma bado zipo. Niliuliza kama sasa ni mionzi. Daktari akasema hapana, tunasubiri. Limfoma kutoweka kwa wengine huchukua miezi mitatu, kwa wengine mwaka, kwa wengine hata miaka miwili, na maadamu hauongezeki wala hausambai, kukimbilia tiba nyingine ni kumuumiza mtu bure. Nikarudi nyumbani na neno hilo, "tunasubiri", nalo lilikuwa zito kuliko vidonge vyote vya bismathi. Jioni nikaketi mbele ya jiko la makaa. Nilikuwa nimemaliza kupika saa tisa. Saa moja usiku nikaweka kiganja juu yake, bado lina joto, na hakuna aliyelipepea wala kulitia mkaa. Nikalielewa lile neno vizuri zaidi kuliko kwenye mchoro.

Machi 2025, kamera ya tatu, vinyama vingi tena: hakuna seli za limfoma. Oktoba 2025, ya nne: hakuna. Damu yangu sasa ni 12.6.

Kwenye benchi la kliniki nilikutana na mzee mmoja wa Molo ambaye kwake haikuwa hivyo. Pailori alimtoka kwa pakiti ya kwanza, ile ya jua na mwezi, bila taabu, lakini limfoma haikusogea kwa zaidi ya mwaka. Akapelekwa mionzi, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki nne, kila asubuhi tumbo tupu. Alichoka, chakula kikamkinai, akapungua. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa ameshapigwa kamera mbili safi na anauza vitunguu vyake kama kawaida. Namtaja ili asije mtu akasoma habari yangu akadhani vidonge visipotosha amekwisha.

Malalamiko yangu kwa watengenezaji wa pakiti ya kwanza ni karatasi ya ndani. Ni ndefu kama shuka, Kiingereza kitupu, herufi za kusomwa na sisimizi, na pamoja na urefu wake wote haina mstari hata mmoja unaosema rudi upimwe baada ya wiki nne. Kama wameweza kuchora jua na mwezi, wangeweza kuchora kalenda. Kwa kazi yenyewe siwezi kuihukumu kwa haki, kwangu iliharibiwa kabla haijafunguliwa. Awamu ya pili ningeimeza tena kesho nikiambiwa, ulimi mweusi na yote.

Vidonge vya awamu zote mbili pamoja havikufika shilingi elfu kumi. Kilichokula pesa ni kamera nne na vinyama kwenda Nairobi, na nikiulizwa wapi mtu asibane, nasema hapo. Binti yangu aliuza friji ya soda kulipia ya tatu. Hatujanunua nyingine.

Daktari anasema waliopona kama mimi hudumu, walio wengi mno wako hai baada ya miaka kumi, lakini tumbo lililokaa na mdudu muda mrefu huwa katika hatari zaidi ya saratani ile nyingine ya kawaida ya tumbo, na limfoma yenyewe mara chache hurudi, kwa hiyo nitapigwa kamera kila mwaka. Ijayo ni Oktoba 2026. Tarehe iko kwenye mkebe wa biskuti, juu ya kile kifuko kitupu.

Anayetaka kukiona aje, mlango wa ua haufungwi mchana. Jumamosi asije, nina kilo thelathini za pilau, na chumvi naonja mwenyewe.